Umesevu Namba Yetu?

Mwezi ambao ukurasa wetu wa Instagram ulipata wafuasi wengi kuliko mwezi mwingine wowote ndio mwezi ambao karakana ya baba pale Keko, Dar es Salaam, ilikaa bila oda. Wafuasi waliletwa na video. Kijana mmoja wa karakana alipanda juu ya kitanda cha mninga, sita kwa sita, akarukaruka mpaka vumbi likatoka kwenye godoro. Kisha akashuka, akajilaza chali uvunguni na kugonga chaga mojamoja kwa ngumi kuonyesha hakuna iliyopasuka. Watu wakacheka, wakasambaza. Tukafuatwa na watu wa Nairobi, Lubumbashi na Muscat. Mmoja aliandika kwamba kitanda hicho kina roho ya paka. Hakuna aliyekuwa anatafuta kitanda.

Wakati huo baba hakuwa na simu janja. Alikuwa na kitochi kilichokaa na chaji karibu wiki nzima. Nilipomwonyesha idadi ya wafuasi aliitazama kwa heshima, akafuta vumbi la mbao kwenye kioo kwa kidole gumba, akauliza, "Mama, watu wote hawa wanalala wapi?"

Lilikuwa swali la kifundi. Kwa seremala, binadamu ni mtu mwenye kitanda au asiye nacho. Nilicheka, ila jioni ile nilichukua kaunta buku lake, lenye jalada lililogandamana kwa vanishi, nikaanza kupitia oda za nyuma: jina, namba ya simu, vipimo, advansi, baki. Siku zilizofuata niliwapigia wateja simu kuwauliza makochi yanaendeleaje na, kwa kuchomekea, nani aliwaelekeza kwetu. Majibu yalifanana mpaka yakachosha. Niliona kwenye stetasi ya mwenzangu kazini. Dada yangu aliweka picha ya kabati lake. Mimi namba ya mzee ninayo tangu alipomtengenezea mama meza. Instagram ilitajwa na wachache, na wengi wao walikwenda kutuangalia huko baada ya kusikia habari zetu kwa mtu.

Tangu hapo nimeamini kwamba kwa biashara ya mtu wa kawaida, na hata kwa maisha yake ya nyumbani, mtandao wenye faida ni ule mdogo, wa watu ambao namba yako imo kwenye simu zao. Waliobaki ni wapita njia. Sisemi wapita njia ni wabaya. Barabara ya Keko imejaa wapita njia na tunawasalimia. Lakini huwezi kununua mbao kwa kumtegemea mpita njia.

Stetasi za picha na video zilikuja WhatsApp mwezi Februari 2017, na kila moja hufutika baada ya saa 24. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalizingatii ni kwamba, kwa mpangilio wa kawaida, stetasi yako inaonwa na mtu ambaye umesevu namba yake na yeye amesevu yako. Upande mmoja ukikosekana, haoni kitu. Hata ule ujumbe unaotumwa kwa watu wengi kwa mpigo, asiyekusevu haumfikii. Kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kupanga picha nzuri kila asubuhi, akaunguza bando, na zikaonwa na binamu zake tu. Instagram nayo ina tabia yake: kuwa na wafuasi elfu kumi hakuna maana kwamba elfu kumi wataona ulichoweka. Mtambo ndio unaochagua nani aone nini, na unapenda vituko. Kijana anayeruka juu ya kitanda utampeleka mbali. Droo iliyoungwa bila msumari hata mmoja utaiacha ikae hapo hapo ulipoiweka.

Ndiyo maana swali ninalomuuliza kila anayeingia karakana, awe amenunua au ametoka kapa, ni moja: "Umesevu namba yetu?" Nasubiri pale pale mpaka atoe simu. Nami naandika yake, na mbele ya jina naweka alama ya kazi: "kochi L", "kitanda tano kwa sita", "anaulizia kabati". Vijana wa karakana walinicheka, wakaniita Dada Sevu. Jina limebaki.

Bila shaka mtu hakusevu kwa kuombwa tu, na akikusevu anaweza kukufuta wiki hiyo hiyo. Lazima apate sababu ya kubaki nawe. Sisi sababu tuliipata kwenye aibu ya kazi yetu. Fundi wa mjini sifa yake inajulikana: njoo kesho. Unalipa advansi, unaambiwa Jumamosi, Jumamosi simu haipatikani. Basi tukaanza kumtumia kila mteja picha ya kazi yake ilipofika. Mbao zikishapasuliwa, baba anaandika jina la mteja na tarehe kwa chaki juu ya ubao, napiga picha, natuma. Fremu ikisimama, picha. Sponji ikigundishwa, picha. Kitambaa kikivutwa, picha. Kazi ikichelewa, picha inasema imechelewa wapi, na mara nyingi ni kwenye kukausha mbao. Mninga unaotoka misitu ya miombo huko Tabora ukipigwa randa ukiwa bado na maji, kitanda kitapinda kikiwa tayari chumbani kwa mwenyewe. Mteja aliyeona picha ya mbao zake zimepangwa kivulini, zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, anavumilia. Asiyeona anajua amelizwa.

Halafu mteja huyo, bila kuombwa, anaiweka picha ya chaki kwenye stetasi yake. Jina lake liko kwenye ubao wa mninga, nani asingeiweka? Siwezi kununua tangazo la namna hiyo.

Faida ya namba iliyosevuliwa ilionekana zaidi serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Wateja wetu wengi walikuwa watumishi wa umma. Tulidhani tumewapoteza, maana nani asafirishe kabati kutoka Keko wakati Dodoma kuna maseremala? Lakini walihama na simu zao. Wakafika kwenye nyumba tupu, wakaona stetasi zetu, wakaagiza, na mizigo ikaanza kupanda kwa fuso. Baba hajabadili namba tangu aipate, ile ile iliyopakwa rangi kwenye bati la mlangoni. Mwaka 2017 iliporuhusiwa Tanzania kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba, kuna aliyemshauri ahamie mtandao wa bei rahisi. Alimjibu kwamba namba ya fundi ni kama kaburi la babu, haihamishwi kwa sababu ya nafuu.

Kazi za Dodoma ndizo zilizonifundisha jinsi picha inavyoweza kumtia mtu hasara. Mteja huja na skrinishoti. Kochi la Uturuki limepigwa picha kwenye ukumbi wenye madirisha marefu kuliko nyumba yetu ya kupanga, mwanga umemwagwa, mto mmoja umewekwa upande kama umesahauliwa. Anasema, "Nataka kama hili." Wakati mwingine ile mbao ya kwenye picha si mbao, ni MDF iliyofunikwa ngozi nyembamba ya mti. Zamani baba alichora vipimo kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, akamwambia mteja aingie katikati na kukaa kwenye kigoda. Mtu akikaa pale, akanyoosha mkono na kuona meza ingefika wapi, anapunguza futi moja mwenyewe. Kwa mteja aliye mbali chaki haifiki. Nilimwomba dada mmoja wa Dodoma atandike khanga sakafuni mahali ambapo kochi lake la L lingekaa, azikunje kufuata vipimo nilivyomtajia, kisha anipigie picha akiwa amesimama mlangoni. Alituma picha ikiwa na ujumbe wa sauti wa kicheko kitupu. Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa umeishia katikati ya khanga ya pili. Tulimtengenezea kochi la watu watatu na viti viwili, na pesa iliyobaki akanunua pazia. Siku hizi khanga ni sharti kwa kila oda ya mkoani.

Kuhusu bei nina ugomvi na wenzangu wote. Picha inawekwa, chini yake watu wanaandika "Bei?", muuzaji anajibu "Njoo inboksi." Kwa nini? Ukiuliza unaambiwa washindani wasijue. Baba anasema bei ya mbao Keko inajulikana hata na wauza mihogo. Sisi tunaandika bei chini ya picha, na kama kuna kinachoipandisha, kitambaa au usafiri, tunakitaja. Asiye na pesa hiyo anapita bila kudhalilika, na mwenye nayo anakuja amejiandaa. Muda niliouokoa kwa kutojibu "Bei?" ndio ninaoutumia kujibu maswali yenye maana.

Na maswali yenye maana ndiyo yanayoleta namba. Wakati wa masika moja, mama mmoja aliandika hadharani kwamba droo za kabati alilolinunua mahali fulani zimekwama, na akauliza kama zetu nazo hukwama. Nilitaka kujibu kwa kujisifu. Baba akasema nishike simu nimrekodi. Akaeleza kwa sauti yake ya taratibu kwamba mbao hunywa unyevu na kuvimba, kwamba za kila fundi huvimba, zake pia. Mtu achukue kipande cha mshumaa mkavu, asugue pale droo inapoteleza, pande zote mbili, na asikimbilie kupiga randa, kwa sababu kiangazi kikirudi droo itakuwa inapwaya. Hakutaja bidhaa yoyote. Sauti ile ilizunguka kwa kimya, simu hadi simu, na kwa miezi watu walikuwa wanapiga wakisema wanamtafuta mzee wa mshumaa. Kitanda cha kuruka kilionwa na maelfu. Mshumaa ulituletea wateja. Sitoi kanuni hapa, nasema kilichotupata.

Picha nzuri zikawavutia na wezi. Kurasa zikaibuka zenye picha zetu, bei nusu, na sharti la kulipa yote mapema. Mwanamume mmoja alifika Keko na gari la kukodi kuchukua kochi ambalo hatukuwahi kumwuzia. Baba alimpa kiti na maji kabla ya kumweleza. Alipotuonyesha muamala, jina la mpokeaji halikufanana na la mtu yeyote wa karakana. Jina lile lilikuwa limetokea kwenye simu yake kabla hajabonyeza kukubali, kama linavyotokea kwa kila mtu anayetuma pesa kwa simu nchi hii. Yeye alitazama kiasi tu. Sisi tuliozoea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" tunajiona wajanja, lakini mbele ya picha ya kochi zuri ujanja hulegea. Sasa jina litakalotokea wakati wa kulipa tumeliandika juu kabisa ya ukurasa na kwenye bati la mlangoni. Namba ya tapeli tunairipoti kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya mamlaka ya mawasiliano. Na chaki imepata kazi ya pili: picha yenye jina la mteja na tarehe kwenye ubao haiuziki kwa mtu mwingine. Ila sebule ya mtu hatuipigi picha bila idhini yake, hata kochi likae vizuri namna gani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla yake kulikuwa na adabu.

Kaunta buku halikustaafu. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika dunia nzima kwa takriban saa sita, mjini watu walikuwa wanazima na kuwasha simu, wengine wakidhani bando limekwisha. Fuso la kwenda Dodoma lilikuwa linapakiwa. Baba alifungua daftari, akatoa kitochi, akampigia mteja simu ya kawaida, akampigia na dereva. Fuso likaondoka.

Kujifunza kazi kwa video ni habari ndefu, nitasema kidogo. Vijana wetu walijifunza kuvuta vifungo vya makochi ya Chesterfield kwa kuangalia mafundi wa nchi za mbali ambao lugha yao hatuijui. Baba alitazama nao, akataka irudishwe pale mikono inapoonekana, tena na tena, na akajua kitu ambacho hakukijua. Ila ana lalamiko moja, na mimi nalikubali: video inaruka pale penye kazi. Fremu ni mbichi, picha inapepesa, fremu ni kavu. Siku zile zote za kusubiri zimekatwa, na kijana anayezitazama anaanza kumwona fundi wake kuwa mvivu. Simu kwenye karakana zinatundikwa mlangoni ndani ya mfuko wa kitambaa wakati mashine ya kupasulia inazunguka. Hiyo haina mjadala, vidole havioti.

Nyumbani pia kanuni ya namba iliyosevuliwa imenisaidia, kwa kinyume chake. Makundi yanakuingiza bila hodi. La kamati ya harusi ya binamu lilikuwa na watu zaidi ya mia, na kila jioni mweka hazina aliweka orodha: jina, ahadi, alichotoa, baki. Usiku mtu anaona jina lake lina baki nene, anaweka simu kifudifudi. Hata hivyo ule uwazi naupenda. Pesa ya watu inaonekana ilipo. Harusi ikiisha na picha zikitumwa, naaga na kutoka siku hiyo hiyo, kwa sababu kundi lisilo na kazi hugeuka soko la maua ya habari za asubuhi. Kundi la ukoo sijatoka na sitatoka, ingawa mlio wake nimeuzima. Msiba ukitokea usiku, ndipo unapojua maiti inaagwa wapi, basi linaondoka saa ngapi, rambirambi inatumwa kwa nani.

Humo ndimo mwenye shangazi yangu. Wakati wa korona alituma dawa za kila namna, nyingi zikiwa na ile mishale miwili inayoonyesha kwamba ujumbe umeshapitia mikono mingi. WhatsApp ilikuwa imepunguza idadi ya kusambaza, sehemu tano kwa mpigo tangu Januari 2019, na kuanzia Aprili 2020 ujumbe wa mishale miwili ukawa wa kutuma sehemu moja kwa wakati. Shangazi alituma sehemu moja, akarudi, akatuma nyingine. Ni mwanamke wa subira. Binamu zangu walimjibu kundini kwa viungo vya habari na makala, wakamkumbusha na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Akanuna, akatuma zaidi. Shangazi hasahihishwi mbele ya wakwe. Nilimpigia simu, shikamoo, nikauliza miguu inaendeleaje, tukafika kwenye ile dawa ya mwisho, nikamuuliza alitumiwa na nani. Alitumiwa na jirani. Jirani alitumiwa na nani? Kimya kifupi. "Ngoja nimuulize," akasema. Ujumbe haukufutwa, lakini uliofuata haukuja mpaka wiki ya pili yake, na safari hiyo alinitumia mimi kwanza, chemba: "Mama, hili ni la kweli?" Mpaka leo ananitumia mimi kwanza. Wakati mwingine ni la kweli.

Baba sasa ana simu janja. Hasomi sana maandishi madogo, ila ujumbe wa sauti anaurusha kama mtangazaji: anasalimia, anataja mbao, anataja siku, anakaa kimya kwa kitambo, halafu anasema "haya." Wateja wa zamani wanamjibu kwa sauti vilevile, na kuna wazee wawili wa Temeke wanaoulizana naye hali kila Ijumaa bila kuagiza chochote.

Mdogo wangu anataka tulipie matangazo ili wafuasi waongezeke. Anasema dunia imebadilika na kwamba mimi na baba tunaendesha duka la mtaa. Nimekubali kuchanga nusu, kwa sharti: kwanza apitie daftari lote, awapigie simu wale ambao picha zao za wasifu zimetoweka kwenye simu yetu, maana huenda wamebadili namba au wametufuta, na awaulize kama kitanda bado kimesimama. Ameanza na A, kwa kiburi. Sasa yuko kwenye M, ambako amegundua kwamba baba ameandika kina Mama Junior wengi bila kutaja mtaa, na kila anayempigia anamwambia anataka kabati.